Kibarua, Kipande na Kariakor

Saa kumi na moja alfajiri, reli inayokatiza Kibera huwa njia ya miguu. Wanaume wenye buti za mjengo hufuata mataruma kuelekea Indaa, eneo la viwanda, kila mmoja akitaka kufika getini kabla mnyapara hajamaliza kuchagua watu wake wa siku. Upande wa Kawangware, kina mama huvuka barabara kuingia Lavington na kubisha geti baada ya geti wakiuliza kama kuna nguo za kufua. Ukimuuliza yeyote kati yao anakoenda, jibu ni lile lile: kutafuta kibarua.

Neno hilo ni kongwe kuliko Nairobi. Kibarua ni barua ndogo. Katika karne ya 19, Unguja na Mombasa, tajiri mwenye watumwa kuliko kazi alizokuwa nazo aliwatoa kwa kukodi: bandarini, kwenye maghala, kwenye nyumba za wafanyabiashara waliohitaji watu wa kubeba na kuchambua bidhaa. Aliyefanya kazi ya siku alipewa kikaratasi, akakipeleka kulipwa, kisha sehemu kubwa ya malipo ikaenda kwa bwana wake. Mtu akaitwa kwa jina la karatasi yake. Utumwa ukaondoka, karatasi ikaondoka, jina likabaki kwa yeyote anayeuza nguvu zake kwa siku moja bila kujua kesho.

Ningepewa darasa la historia Kibera au Kawangware, somo la kazi ya shuruti ningelianzia hapo, kwa neno ambalo watoto wamelisikia nyumbani asubuhi hiyo hiyo.

Sisi tuliosoma chini ya mfumo wa 8-4-4 hatukulianzia hapo. Tulikariri kwamba soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, Sultani akiwa Barghash. Kwamba utumwa wenyewe ulifutwa kisheria huko mwaka 1897. Na kwamba pwani ya Kenya ilifuata mwaka 1907. Kisha mada ikafungwa. Kurasa nyingi mbele tukakutana na walowezi, na kazi ya shuruti ikatokea kama orodha ya kujibia mtihani: kodi, kipande, kunyang'anywa ardhi, sheria za kazi, machifu. Hoja tano, alama kumi. Hakuna aliyetuonyesha kwamba mada hizo mbili ni hadithi moja, wala kwamba hadithi hiyo ilipita kwenye mitaa tunayokaa.

Tazama amri ya 1897. Haikumwambia mtumwa aende zake. Ilimtaka aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru, na aliyeachiliwa alipaswa kuonyesha mahali pa kukaa na njia ya kujilisha, la sivyo angehesabiwa kuwa mzururaji. Alianza pia kuwajibika kwa kodi. Mabwana walilipwa fidia kwa hasara ya kupoteza watu wao. Pwani ya Kenya mwendo ulikuwa huo huo: aliyemiliki alilipwa, aliyemilikiwa hakupata hata shamba la kulima. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilipowatambua wamiliki wa pwani, wengi wa waliokuwa watumwa walijikuta maskwota kwenye udongo waliokuwa wameulima miaka yote. Serikali iliogopa jambo moja kuliko mengine yote, kwamba watu huru wangejilimia chakula chao na kukataa kulimia wengine. Hofu hiyo ilisafiri bara pamoja na reli.

Reli yenyewe ni mfano. Kati ya 1896 na 1901 waliijenga hasa Wahindi wapatao 32,000, walioletwa kwa mikataba ya miaka kadhaa, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Kazi ya mkataba wa namna hiyo ilianzishwa na Waingereza baada ya kufuta utumwa katika makoloni yao miaka ya 1830, mashamba ya miwa yalipokosa watu. Kwa hiyo taruma analolikanyaga kijana wa Kibera alfajiri ni la reli iliyoanzishwa kwa mpango wa kazi uliobuniwa kuziba pengo la watumwa.

Kawangware nayo ina uzi wake. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, wakakomboa watu, wengi wao watoto, na kuwaweka katika kijiji cha uhuru ambako waliamka, wakasali na kulima mashamba ya misheni kwa kengele. Baadaye shirika hilo hilo lilipanda kahawa Bura, Taita, na mwaka 1899 likafungua misheni ya St. Austin's karibu na Nairobi, ambako miche ya kahawa ilistawi. Leo tunaiita sehemu hiyo Lavington. Ukisimama Kawangware ukaangalia mashariki, ndiyo ile ng'ambo wanakokwenda kina mama kufua. Kahawa ilienea kwenye matuta yale ya Kiambu na Dagoretti, na kahawa ikiiva haingoji. Inataka mikono mingi kwa majuma machache, kisha inaiachia.

Kibera ndipo mwalimu anapohitaji uangalifu zaidi, na hapa sitaki kupita haraka.

Walioianzisha Kibra, jina ambalo kwa Kinubi ni msitu, walikuwa askari wa Kisudani wa jeshi la Waingereza, pamoja na familia zao. Waliwekwa pale mwanzoni mwa karne ya 20 katika hifadhi ya kijeshi iliyozidi ekari 4,000, wakapewa pasi za shamba badala ya hatimiliki. Mwaka 1891 ofisa Mwingereza, Lugard, aliwachukua askari wa namna hiyo karibu na Ziwa Albert, mabaki ya jeshi la Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Misri kusini mwa Sudan. Jeshi hilo la Misri lilikuwa limejazwa kwa miongo mingi na vijana waliotekwa Sudan ya kusini na milima ya Nuba, wakapewa bunduki na kufanywa askari bila kuulizwa. Ndani ya familia moja ya Kibera, basi, babu mmoja anaweza kuwa alitekwa kama mtumwa, mwanawe akavaa sare ya mkoloni, na sare hiyo ikatumwa kuwatiisha watu wengine ili walipe kodi na kwenda kazini.

Sasa fikiria darasa. Kwenye benchi moja kuna mtoto wa Kinubi, Mjaluo, Mluhya na Mkikuyu. Mwalimu akisema tu kwamba "askari walikuja wakachukua watu," macho yote yatamgeukia mtoto mmoja. Mwalimu akiogopa na kuruka, atawaachia watoto uvumi wa mtaani. Naamini njia ya haki ni kuanza mbali, kule alikotekwa yule kijana wa kwanza, ili darasa lione askari huyo naye aliingiaje kwenye safu. Halafu mwalimu ageuke na kuwataja machifu wa Kikuyu, Kijaluo na Kiluhya waliopewa idadi ya vijana wa kutoa na wakaitimiza, mara nyingi kwa watoto wa maskini na wa mahasimu wao. Kinyanjui wa Gathirimu, chifu mkuu aliyekaa upande huu wa Dagoretti, alianza kwa kuwatumikia watu wa misafara katika ngome ya Waingereza, akaishia kuwa mtu ambaye amri za wageni zilipitia kwake. Hakuna benchi lisilo na babu wa kuulizwa habari.

Mtego wenyewe ulikuwa kodi. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1901, na mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa kwa wanaume wasiokuwa na nyumba. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha ilipatikana hasa kwa mzungu. Gavana Henry Belfield alisema wazi mwaka 1913 kwamba kodi ndiyo njia pekee ya kumlazimisha Mwafrika atoke rizavu, eneo alilotengewa, akatafute kazi. Kwenye tume ya kazi ya 1912 na 1913 walowezi walitoa ushahidi, na mmoja wao, Lord Delamere, alitaka rizavu zipunguzwe, kwa kuwa mtu mwenye ardhi ya kutosha hana sababu ya kuajiriwa na mwingine. Mwalimu hana haja ya kutafsiri nia ya watawala hawa. Waliitamka wenyewe hadharani. Mwaka 1918 sheria nyingine ikamfunga skwota wa mashamba ya wazungu: siku 180 za kazi kwa mwaka ili aruhusiwe kulima na kufuga alipo. Mwaka 1937 siku hizo ziliruhusiwa kufika 270.

Katikati ya hayo ikaja vita. Neno "Kariakor" ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, lililokaa midomoni mwa watu mpaka likawa la Kiswahili. Dar es Salaam wanasema Kariakoo, Nairobi Kariakor, na miji yote miwili inauza mboga na nguo mahali walipokusanywa wabeba mizigo wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1917 ofisa wa serikali, John Ainsworth, alisimamia mkusanyo mkubwa kupita yote, ambapo kila wilaya ilidaiwa idadi yake na machifu wakaamriwa kuitimiza. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa kuhara, malaria na nimonia kuliko kwa risasi, wengi wakiwa kusini mwa Tanganyika, mbali na yeyote aliyelijua jina lao. Mishahara ya wengi waliokufa haikufika kwa familia zao, ingawa wamishenari na baadhi ya maofisa waliidai kwa miaka mingi.

Vita vilipokwisha, serikali ilitaka kumjua kila mwanaume alipo. Sheria ya kuandikisha watu ilikuwa imepitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa 1919. Kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alipewa kipande, karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole, jina la mwajiri, tarehe ya kuanza kazi, ujira, na tarehe ya kuachishwa pamoja na sahihi. Karatasi iliwekwa ndani ya kikopo cha bati kilichovaliwa shingoni kwa uzi. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia mtu, mtu huyo hakuweza kuandikwa kazi kwingine, na akitoroka alitafutwa na polisi kama mhalifu. Huo ndio ulikuwa moyo wa kipande. Kuvunja mapatano ya kazi, jambo ambalo kati ya wazungu lilikuwa deni la kudaiana, kwa Mwafrika lilikuwa kosa la jela.

Tarehe 23 Oktoba 1919, chini ya Gavana Edward Northey, ukatoka waraka ulioagiza maofisa na machifu wawahimize watu kwenda mashambani kwa kila njia halali. Wanawake na watoto waliokaa karibu na mashamba nao walitajwa. Chifu mvivu wa kuhimiza angeandikwa jina. Kijijini, himizo la namna hiyo ni amri. Mwaka uliofuata sheria ikaruhusu kumlazimisha mwanaume hadi siku 60 kwa mwaka katika kazi za serikali, isipokuwa kama alikuwa ameajiriwa miezi mitatu katika mwaka uliopita. Ukisoma sharti hilo mara mbili unaona linakoelekeza watu: ukikimbia barabara ya serikali, mlango uliobaki wazi ni wa shamba la mlowezi.

Hapa Unguja inarudi. Maaskofu wa Mombasa na Uganda, pamoja na Dakta John Arthur wa misheni ya Waskoti iliyokuwa Kikuyu, hatua chache kutoka Dagoretti, waliukosoa waraka huo lakini wakakubali kwamba shuruti ingefaa endapo ingewekwa wazi katika sheria na kusimamiwa na serikali. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, alikataa kabisa. Kanisa lake kuu lilijengwa Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa, na mwaka 1920 alichapisha kijitabu akiishtaki Uingereza kwamba imewafanya Waafrika watwana wake. Watoto wanaofundishwa kwamba "Wazungu walifanya hivi" wana haki ya kujua kwamba palikuwa na ubishi, na kwamba aliyesimama imara zaidi ni yule aliyesalisha kila siku juu ya soko lile.

Waafrika hawakungoja askofu. Juni 1921 palifanyika mkutano Dagoretti kati ya Kikuyu Association, chama kilichoongozwa na machifu, na maofisa wa serikali. Yalitajwa mambo ya ardhi, ya kodi na ya kipande, na likatajwa jambo ambalo wazee waliona haya kulisema: wasichana na wake za watu kutolewa majumbani na watu wa chifu wakachume kahawa, na yanayowapata huko. Harry Thuku, kijana mpiga simu wa idara ya hazina mjini Nairobi, aliona machifu wanasema kwa upole mno, maana wao wenyewe walikuwa sehemu ya jambo. Akaanzisha chama cha vijana kilichogeuka kuwa East African Association, kisichobagua kabila. Desemba mwaka huo huo, kule Lundha, Nyanza, walimu wa misheni waliosoma Maseno, Jonathan Okwiri akiwa mwenyekiti, walikusanya umati wakapinga kodi, kipande na kambi za kazi. Mkutano huo Wajaluo wanaukumbuka kwa jina la Piny Owacho, nchi imesema. Huwa nawaambia walimu wenzangu tusilisahau hilo: upande wa Nyanza, waliosimama mbele walikuwa watu wa chaki.

Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikuwa nje ya kituo cha polisi. Wanaume waliotumwa kuzungumza na serikali waliporudi na maneno ya kutuliza, Mary Muthoni Nyanjiru alipandisha nguo yake juu ya mabega na kuwataka wanaume wachukue gauni lake, wampe yeye suruali zao. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasonga, askari wakafyatua risasi. Serikali ilihesabu maiti 21. Walioshuhudia walitaja idadi kubwa zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka.

Miaka iliyofuata naipita kwa haraka, si kwamba ni myepesi. London iliagiza mwaka 1921 kwamba serikali isiwatafutie walowezi wafanyakazi kwa nguvu. Shirika la Kazi Duniani likapitisha mkataba dhidi ya kazi ya shuruti mwaka 1930. Hata hivyo Vita vya Pili vilipokuja, mwaka 1942 wanaume walianza tena kuandikwa kwa lazima kwenda mashamba ya mkonge na pareto. Kipande cha shingoni kilifutwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya 1950, wafungwa, wengi wao wasiohukumiwa na mahakama yoyote, walichimba mitaro, wakalima Mwea, wakajenga uwanja wa ndege wa Embakasi tunaoutumia hadi leo. Tarehe 3 Machi 1959, kambini Hola, watu 11 walipigwa mpaka kufa kwa sababu ya kukataa kazi, na serikali kwanza ikadai kwamba ni maji waliyokunywa.

Kuna walimu wanaopenda kuigiza. Wanawafunga watoto kamba, wanawapanga foleni, mmoja anakuwa bwana. Nilipokuwa mwanafunzi nilifanyiwa igizo la namna hiyo, na ninachokumbuka ni kicheko cha wenzangu na aibu ya msichana aliyechaguliwa kwa kuwa ngozi yake ilikuwa nyeusi zaidi. Usimvalishe mtoto kipande. Mpe akishike. Kikopo cha bati, uzi, karatasi yenye safu zile zile. Akipime uzito, asome kilichoandikwa, aulize nani alitia sahihi wapi.

Mpeleke pia mjini. Basi la 46 linatoka Kawangware, na kwenye barabara ya Kenyatta kuna sanamu za shaba za wanaume watatu, zilizozinduliwa mwaka 1928. Mmoja kati yao ni mpagazi. Chini yake kuna maandishi ya Kiswahili ambayo mtoto wa darasa la sita anayasoma mwenyewe. Kutoka pale kwa miguu hadi eneo alipoanguka Nyanjiru ni mwendo mfupi, na barabara iliyo jirani inaitwa Harry Thuku.

Kisha mtume nyumbani akaulize. Nyanya, awe shosho, dani au kukhu, aliyezaliwa miaka ya 1940 huenda alisimuliwa na baba yake habari za kipande kile cha shingoni. Mtoto ataligundua jambo lingine bila kuambiwa, kwamba kitambulisho cha taifa bado kinaitwa kipande mtaani, na kwamba kwa kijana wa Kinubi wa Kibera, kukipata kwa miaka mingi kulimaanisha kuhojiwa mbele ya kamati kuhusu asili yake. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto iliamua kwamba Kenya imewakosea watoto wa Kinubi kwa kuwanyima uraia tangu kuzaliwa. Hatimiliki ya jamii waliipata mwaka 2017, ya ekari 288. Karatasi ambayo babu wa Kikuyu alitamani kuitupa ndiyo mjukuu wa askari aliyoipigania.

Jambo ambalo watoto huuliza, na nalipenda, ni kwa nini wanawake hawakuwa na kipande. Sheria iliwataja wanaume tu. Kwa hiyo wale wasichana wa mwaka 1921, waliochuma kahawa kwenye matuta haya, hawana kadi, hawana alama ya kidole, hawana tarehe. Tunajua walikuwapo kwa sababu mtu alilalamika Dagoretti.

Zoezi ninalolirudia kila mwaka linatoka hapo. Watoto wanachora safu za kipande: jina, mwajiri, siku ya kuanza, kazi, ujira, siku ya kumaliza, sahihi. Kisha kila mmoja anajaza siku moja ya kazi ya mtu wa nyumbani kwake. Hatusomi kwa sauti. Karatasi ni ya mtoto na wa kwao. Kabla hawajaanza huwa nawaeleza kwamba mama anayefua Lavington si mtumwa wala hakutolewa nyumbani na askari wa chifu. Anaweza kukataa kazi kesho na hakuna atakayemfunga, na uhuru huo watu waliulipia. Wananyamaza, wanaandika. Jina wanalijua. Kazi wanaijua. Ujira wanaujua mpaka shilingi ya mwisho, kwa kuwa jioni ndio unaoamua kama kuna unga. Mwajiri wengi humwandika "Madam." Kisha msichana mmoja ananyoosha mkono, ameweka kidole kwenye safu ya mwisho, pale pa sahihi, anauliza, "Mwalimu, na hapa niandike nani?"